Sadfa si uteuzi, na uteuzi peke yake hauzai spishi

Ndugu Mhariri,

Kuna sentensi mbili ambazo hazikosekani kila magazeti yetu yanapogusa habari za mageuko ya viumbe. Ya kwanza husema kiumbe fulani "kilibadilika ili kiweze" kuishi jangwani, majini au mahali pengine popote. Ya pili, ambayo kwa kawaida hutoka kwa msomaji anayeipinga ya kwanza, husema wanasayansi wanataka tuamini kwamba vyote hivi "vimetokea kwa bahati tu". Sentensi hizi hugombana kila siku, na zote mbili zimepotoka. Zinachanganya kazi ya sadfa na kazi ya uteuzi asilia (baadhi ya viumbe kuzaa zaidi ya wenzao kwa sababu ya sifa walizorithi), kisha zinasahau jambo la tatu ambalo bila hilo spishi mpya, yaani aina mpya ya viumbe wanaozaana wenyewe kwa wenyewe, haipatikani hata ukingoja miaka milioni, nalo ni mtengano wa uzazi: jamii mbili kuacha kuzaana.

Tuanze na sadfa, maana ndiyo inayosingiziwa zaidi.

Kila kiumbe kinapozaa, jeni zake, yaani maagizo ya urithi yaliyoandikwa ndani ya seli kwa herufi za kikemikali, hunakiliwa, na kunakili hakukosi makosa. Mtoto wa binadamu huzaliwa na makosa mapya kama 60 au 70 ambayo hayakuwamo kwa baba wala kwa mama, kati ya herufi bilioni 6 hivi alizorithi. Mengi hayana athari yoyote. Baadhi hudhuru. Mara mojamoja hutokea moja lenye faida. Makosa haya huitwa mutesheni. Inaposemwa kwamba mutesheni ni za sadfa, haimaanishi kwamba hazina sababu: sababu zipo, kama vile miale, kemikali, au kimeng'enya kilichoteleza katika kunakili. Maana yake ni nyembamba zaidi: mutesheni haijui kiumbe kinahitaji nini.

Hilo lilipimwa mwaka 1952 na wanasayansi Joshua na Esther Lederberg, kwa kifaa ambacho fundi yeyote angeweza kukitengeneza. Bakteria walikuzwa kwenye sahani ya agari (rojo la kukuzia vijidudu) isiyo na dawa mpaka wakafanya madoa mengi, kila doa likiwa ukoo mmoja. Kisha kikachukuliwa kipande cha gogo la duara chenye upana wa sahani, kikavikwa mahameli safi yasiyo na vijidudu, kikagandamizwa taratibu juu ya madoa yale. Vinyweleo vya mahameli vilinasa bakteria wa kila doa mahali pake palepale, na gogo likawa mhuri. Mhuri huo ulipigwa kwenye sahani nyingine kadhaa zenye streptomisini, dawa ya kuua bakteria. Karibu bakteria wote walikufa. Lakini wale wachache walioota, waliota mahali pamoja katika kila sahani. Kama dawa ndiyo ingekuwa inawafundisha bakteria usugu, madoa yangetawanyika ovyo, hapa kushoto, pale kulia, na kila sahani ingekuwa na ramani yake. Walipoirudia sahani ya kwanza na kuchota mahali palepale, wakirudia hatua hizo mara kadhaa, walipata bakteria sugu ambao hawajawahi kuonja dawa hata tone. Usugu ulikuwepo kabla ya haja. Sentensi ya "ili kiweze" inaishia hapo.

Sadfa ina mlango wa pili, na huu watu wengi hawaujui kabisa. Tuseme mutesheni imeshatokea. Mwenye nayo anaweza kupigwa na radi kabla hajazaa, au anaweza kuzaa watoto watatu na wote wakarithi ile nakala nyingine isiyo na mutesheni, maana kila mzazi ana nakala mbili za jeni na humpa mtoto moja tu. Hakuna uteuzi hapo, ni kura tu. Kutoka kizazi kimoja hadi kingine, idadi ya nakala za jeni fulani hupanda na kushuka kwa kura hizo, na kadiri jamii (kundi linaloishi na kuzaana pamoja) ilivyo ndogo ndivyo inavyoyumba zaidi. Sisi huita jambo hili kuyumba kwa jeni.

Mwalimu anayetaka wanafunzi walione, na asiye na maabara, atumie mfuko na shanga. Weka shanga 10 nyeupe na 10 nyeusi, za ukubwa mmoja. Bila kutazama, chomoa moja, andika rangi yake, irudishe mfukoni, tikisa, chomoa tena. Fanya hivyo mara 20. Ukihesabu nyeupe 12 na nyeusi 8, basi kizazi kinachofuata ni mfuko wenye nyeupe 12 na nyeusi 8. Ongeza na punguza shanga mpaka ufikie hesabu hiyo, uanze upya. Endelea hadi rangi moja ibaki peke yake. Kwa wastani itachukua vizazi kama 28. Ukianza na shanga 8 tu, nne kwa nne, vitatosha vizazi kama 11. Ukianza na 100, jiandae kwa vizazi kama 140, kazi ambayo hakuna darasa litakaloimaliza kabla ya kengele. Mifuko kumi ikiendeshwa kwa pamoja, kama nusu itaishia nyeupe na nusu nyeusi, na hakuna atakayeweza kutabiri mfuko upi utaangukia wapi.

Makosa ya jaribio hili hujirudia mno. Wanafunzi husahau kurudisha shanga baada ya kuichomoa. Ukiwaacha, watachomoa zote 20 na kupata 10 kwa 10 milele, kisha waseme nadharia ni ya uongo. Wengine huleta shanga za saizi mbili. Vidole hupenda kubwa, na hapo sadfa imeshageuka uteuzi bila mtu kujua. (Kosa hilo, kusema kweli, lina mafunzo kuliko jaribio lenyewe.)

Nayo si mchezo wa darasani tu. Mwaka 1956 Peter Buri alichapisha jaribio la nzi wa matunda lililofanana kabisa na mifuko hiyo. Alikuwa na chupa 107, kila chupa na nzi 16, madume 8 na majike 8, wote wakiwa na nakala moja ya kila aina ya jeni fulani ya rangi ya macho. Kila kizazi alichagua nzi 16 kwa kura wawe wazazi wa kizazi kijacho. Baada ya vizazi 19, chupa 30 zilikuwa zimepoteza kabisa aina moja ya jeni, chupa 28 zilikuwa zimepoteza ile nyingine, na zilizobaki bado zilikuwa njiani. Chupa zote zilianza sawa, zikala chakula kimoja, katika joto moja. Kilichozitenganisha ni kura.

Sasa uteuzi asilia. Huu si sadfa hata kidogo. Wala si "mwenye nguvu mpishe", ingawa vijiweni ndivyo unavyofasiriwa. Uteuzi hauhesabu misuli, unahesabu watoto waliofika umri wa kuzaa. Unahitaji mambo matatu tu: wanajamii watofautiane, tofauti hiyo irithiwe, na wenye tofauti hiyo wazae kwa wastani zaidi au pungufu ya wenzao. La pili likikosekana, hakuna kinachokwenda popote. Panya aliyekatwa mkia huzaa panya wenye mikia.

Kwenye kisiwa kidogo cha Daphne Major, katika visiwa vya Galápagos vya Bahari ya Pasifiki, watafiti Peter na Rosemary Grant walianza mwaka 1973 kuwavisha pete ndege wadogo wala mbegu na kuwapima midomo kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Mwaka 1977 mvua hazikunyesha. Mbegu ndogo laini ziliisha kwanza, zikabaki ngumu, zikiwemo za mbigili zenye miiba. Ndege mwenye mdomo mnene aliweza kulipasua ganda. Mwenye mdomo mwembamba kidogo tu, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja, alihangaika na mbegu hiyohiyo akashindwa. Kati ya kila ndege 100 wa spishi iitwayo Geospiza fortis, kama 85 walikufa. Watoto waliozaliwa baada ya ukame walikuwa na midomo minene kuliko wale wa kabla yake kwa karibu 4%. Hakuna ndege aliyenenepa mdomo kwa kujitahidi. Wembamba walikufa, wanene wakazaa, na watoto wakafanana na wazazi.

Msomaji asikomee hapo, maana makala nyingi hukomea hapo na kuacha nusu ya habari. Mwaka 1983 zikaja mvua kubwa za El Niño, kisiwa kikajaa mimea ya mbegu ndogo, na miaka iliyofuata wenye midomo midogo ndio waliopata nafuu. Uteuzi ukageuza uso. Midomo ilipanda, ikashuka. Uteuzi ulikuwa mkali kuliko ambavyo yeyote alitarajia kuuona kwa macho yake, nao haukuleta spishi mpya. Ulikuwa unaisukuma jamii moja huku na huko, na jamii ikabaki moja.

Hesabu kidogo zinasaidia kuona nani mwenye nguvu kati ya hao wawili, sadfa na uteuzi. Mutesheni inayompa mwenye nayo watoto 1% zaidi ya wenzake ni mutesheni nzuri sana. Hata hivyo, katika jamii kubwa, inapotokea mara ya kwanza ikiwa nakala moja tu, ina nafasi kama 2% ya kuokoka; mwanasayansi J.B.S. Haldane aliipata hesabu hii mwaka 1927. Nyingine 98 kati ya 100 za aina hiyohiyo hupotea kwa kura katika vizazi vya mwanzo, na faida yake ikapotea nayo. Ile iliyopona ikishafika asilimia moja ya jamii kubwa, mambo hubadilika: kura haina ubavu tena, na uteuzi utaipandisha kutoka 1% hadi 99% kwa vizazi kama 920. Kwa mdudu mwenye vizazi 10 kwa mwaka hiyo ni chini ya karne moja. Kwa tembo, ambaye kizazi chake ni kama miaka 25, ni miaka 23,000.

Kuna na kipimo cha haraka. Gawa 1 kwa mara mbili ya idadi ya wanaozaa. Faida ya mutesheni ikiwa ndogo kuliko jibu, kura ndiyo inayotawala. Kwa jamii ya wazazi 20, jibu ni 2.5%, kwa hiyo faida yetu ya 1% haionekani kabisa. Jeni nzuri inaweza kupotea na mbovu ikasambaa, kama shanga mfukoni. Kwa jamii ya wazazi 10,000, jibu ni 0.005%, na hapo hata faida ndogo mno inashikwa na uteuzi. Anayetaka kuonyesha hili kwa mfuko uleule, aweke shanga moja nyeupe na 19 nyeusi. Kila akichomoa nyeusi, arushe sarafu mara mbili. Ikianguka upande wa kichwa mara zote mbili, airudishe bila kuihesabu na achomoe nyingine. Nyeusi sasa inapoteza robo ya nafasi zake. Ni upendeleo mkubwa kupindukia kwa nyeupe, lakini zaidi ya nusu ya majaribio yataishia nyeusi tupu, kwa sababu ile nyeupe moja haikubahatika kuchomolewa mwanzoni. Bila upendeleo huo, nyeupe ingeshinda mara moja tu kati ya 20.

Basi sadfa huleta tofauti na hupoteza nyingi ya hizo, na uteuzi huchuja zilizopona. Hata vyote viwili vikifanya kazi usiku na mchana, jamii inayozaana kwa uhuru hubaki spishi moja. Sababu yake ni rahisi: kila kinachozuka upande mmoja huchanganywa na upande mwingine kwa ndoa. Na hakuhitajiki wahamiaji wengi. Kwa jeni zisizoguswa na uteuzi, mhamiaji mmoja tu anayezaa katika kila kizazi anatosha kuzuia jamii mbili zisiachane mbali, ziwe jamii za mia moja au za milioni. Ndiyo maana tunasema jambo la tatu, mtengano, ndilo lenye ufunguo.

Mtengano wa kawaida ni wa mahali. Shingo ya nchi ya Panama ilipofunga njia ya bahari, miaka kama milioni 3 iliyopita, jamii za uduvi, samaki na konokono zilikatwa sehemu mbili, moja ikabaki Karibi na nyingine Pasifiki. Leo wataalamu wakiwaweka pamoja uduvi kutoka pande hizo mbili, jozi nyingi hugombana badala ya kuzaana.

Kwa nini wasizaane, wakati hakuna aliyewakataza? Swali hili lilimsumbua Darwin, kwani uteuzi hauwezi kupendelea utasa. Jibu lilipatikana karne ya 20, na linahitaji herufi chache. Tuseme jamii ya mwanzo ina jeni mbili zinazofanya kazi pamoja, k na m. Baada ya mtengano, upande wa mashariki k inageuka K, na K inaelewana vizuri na m. Upande wa magharibi m inageuka M, nayo M inaelewana vizuri na k. Kila upande umepiga hatua moja isiyo na madhara yoyote kwake. Lakini K na M hazijawahi kukutana ndani ya mwili mmoja, na hakuna uteuzi wowote uliowahi kuzijaribu pamoja. Siku wa mashariki akizaa na wa magharibi, chotara anabeba K na M kwa mara ya kwanza, na zisipoelewana, chotara ni mgonjwa au tasa. Kuna samaki wadogo wa jenasi (kundi la spishi ndugu) iitwayo Xiphophorus ambao chotara wao huota saratani ya ngozi kwa njia ya namna hii: jeni inayochochea seli nyeusi imetoka kwa mzazi mmoja, na jeni ya kuizuia hupungua chotara anapozalishwa tena na spishi ya mzazi wa pili.

Angalia kwamba K na M zinaweza kuwa zimesambaa kwa uteuzi au kwa kura. Utasa wa chotara haukuteuliwa, wala haukukusudiwa na chochote. Ni zao la pembeni la pande mbili kwenda kila moja kivyake. Baghala, mtoto wa punda na farasi, ndiye mfano unaotajwa zaidi: farasi ana kromosomu (vifurushi vinavyobeba jeni) 64, punda 62, baghala 63, na karibu baghala wote ni tasa kwa kuwa kromosomu zao hushindwa kupangana kwa jozi wakati wa kutengeneza seli za uzazi.

Turudi Daphne Major, maana kisiwa kilichokataa kutoa spishi kwa uteuzi mtupu kilikuja kuonyesha mwanzo wa moja kwa njia nyingine. Mwaka 1981 alitua dume mmoja mgeni, mkubwa wa mwili na wa kichwa, mwenye wimbo ambao haukusikika kisiwani hapo. Kwa miaka mingi asili yake ilikisiwa vibaya, mpaka jenomu yake, yaani urithi wake wote wa kijeni, iliposomwa na kuonekana kwamba alitoka kisiwa cha Española, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Sadfa ya kwanza: upepo au upotevu wa njia. Akazaa na majike wenyeji wa fortis. Wanawe wa kiume walijifunza wimbo wa baba, kama ilivyo desturi ya ndege hao, na majike wa kisiwa hawakuuitikia. Umbo la mdomo wao pia lilikuwa la peke yake, halikufanana na la spishi yoyote iliyopo kisiwani. Kufikia kizazi cha tatu, wazao wa mgeni walikuwa wakioana wenyewe kwa wenyewe tu. Kisha ukaja ukame wa 2003 hadi 2005, na wa ukoo huo walibaki wawili pekee, kaka na dada. Sadfa ya pili. Wakazaa, na ukoo ukasimama tena. Taarifa yao ya kijenomu ilichapishwa mwaka 2017, wakati ukoo mzima ulikuwa ndege kama 30. Mdomo wao mkubwa unawapa chakula ambacho wengine hawakifikii vizuri, na hapo uteuzi unaendelea na kazi yake. Kama watadumu, hilo liko kwenye kura: kwa idadi hiyo, ukame mmoja unaweza kuwafuta.

Lakini mfano tunaoupenda kuliko wote hauhitaji mtu kusafiri hadi Pasifiki. Ziwa Victoria lina, au lilikuwa nazo, spishi kama 500 za samaki wadogo waitwao furu, na ziwa lenyewe lilikauka na kujaa upya miaka kama 15,000 iliyopita. Kwa mutesheni mpya peke yake muda huo haungetosha. Uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba furu hawa wametokana na kukutana kwa koo mbili za zamani zilizokuwa zimeachana muda mrefu, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile. Kukutana huko kulikuwa sadfa ya mito na mvua. Kulimwaga kwenye ziwa jipya akiba ya tofauti za jeni ambazo tayari zilikuwa zimepimwa kila moja kwao, na uteuzi ukakuta ghala limejaa.

Wawili kati yao wanatosha kueleza kilichofuata. Pundamilia pundamilia, ambaye jina lake la kisayansi ni Kiswahili kitupu, ana dume wa buluu. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Julius Nyerere, ana dume mwenye mgongo mwekundu. Majike wa pande zote mbili ni wa rangi iliyofifia, na kwa jicho la binadamu ni shida kuwatenganisha. Wote huishi kwenye miamba ileile ya visiwa vidogo, lakini wa buluu hukaa karibu na uso wa maji na wekundu chini kidogo. Kadiri unavyoshuka, maji ya ziwa hili hula mwanga wa buluu na kubakiza wa njano na mwekundu. Protini inayonasa mwanga kwenye jicho la furu ina matoleo mawili: moja linaona vizuri zaidi mwanga wa juu, lingine mwanga mwekundu wa kina. Uteuzi uliweka kila toleo mahali pake. Na jike mwenye jicho lililozoea wekundu humwona dume mwekundu kwa urahisi zaidi, akamchagua. Jicho lililochujwa kwa ajili ya mwanga wa kuishi likawa pia jicho la kuchagulia mume, na ndoa kati ya juu na chini zikapungua bila ukuta, mto wala mlima.

Chotara wao, kinyume cha baghala, ni wazima na wanazaa bila taabu maabarani. Kinachowatenganisha ni macho tu. Ukiwaweka chini ya taa ya rangi moja ya machungwa, ambayo inafuta tofauti ya buluu na nyekundu, majike huacha kubagua na hukubali dume yeyote. Na hicho ndicho kinachotokea ziwani palipochafuka. Kwenye kisiwa cha Makobe, ambako maji yana uangavu, spishi mbili ziko wazi. Karibu na kisiwa cha Luanso, ambako maji ni tope, hakuna buluu wala nyekundu, kuna jamii moja ya rangi za katikati. Udongo unaosombwa na mvua na mbolea zinazotiririka ziwani havihitaji kumuua furu hata mmoja ili spishi ipotee. Tumezoea kusoma kwamba sangara ndiye aliyewamaliza furu, na ni kweli aliwala kwa wingi tangu alipopandikizwa miaka ya 1950, ila kuna waliopotea kwa kuoana.

Tusisahau mimea, ambayo wakati mwingine haina subira ya maelfu ya miaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mimea mitatu ya jenasi Tragopogon, yenye kromosomu 12 kila mmoja, iliingizwa kutoka Ulaya hadi kaskazini magharibi mwa Marekani. Ikachavushana. Chotara karibu wote walikuwa tasa, kwa kuwa kromosomu 6 za mzazi mmoja hazikupata wenza sahihi kwenye 6 za mwingine. Lakini mara chache, kwa kosa la mgawanyiko wa seli, kromosomu zote zilijirudufu zikawa 24. Sasa kila moja ina pacha wake, na mmea unazaa. Ukichavushwa na mzazi wake wa zamani hupata mtoto wa kromosomu 18, seti tatu za sita, ambazo haziwezi kugawanyika sawa, na mtoto huyo ni tasa. Mtengano umekamilika kwa kizazi kimoja au viwili. Spishi mbili mpya za namna hiyo, Tragopogon mirus na Tragopogon miscellus, zilielezwa rasmi mwaka 1950. Hapa sadfa ilifanya sehemu kubwa ya kazi ya kuanzisha, na uteuzi ukabaki kuamua kama mgeni ataota mahali hapo au la. Ngano ya mkate, yenye kromosomu 42 katika seti sita za saba saba, ilipita njia ya namna hiyohiyo mara mbili.

Ombi letu kwa dawati lako la habari, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mwandishi akiandika "samaki walibadilika ili waone kwenye kina", afute, aandike "samaki waliozaliwa na macho yanayoona kwenye kina walizaa zaidi kuliko wenzao". Ni maneno machache zaidi, na yana ukweli ambao ya kwanza hayana. Akikuta mtu amesema "yote ni bahati", amuulize bahati ipi: ya mutesheni, ya kura za kizazi, au ya kutua kisiwani? Na ile picha ya sokwe anayenyanyuka hatua kwa hatua hadi akawa mtu ipumzishwe. Sokwe wa leo si babu wa mtu; ni binamu, na babu wa wote wawili aliishi miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita. Kama nafasi ya picha inabaki wazi, tunapendekeza furu wawili madume, wa buluu na mwekundu, na wa tatu kutoka Luanso katikati yao.

Ni sisi,
Walimu wa biolojia